Deni la Namwaran na Sheria za Mfalme Asiyekuwepo

Mwaka 1989, karibu na mahali mto Lumbang unapoingia kwenye ziwa la Laguna de Bay, kusini mashariki ya Manila, mchimba mchanga aliopoa kibamba cha shaba chenye maandishi. Chembamba, sentimita 20 hivi kwa 30, mistari kumi upande mmoja. Hakikuwa na sanamu wala nakshi wala dhahabu, na wauza vitu vya kale hawakukichangamkia. Mwaka uliofuata kikanunuliwa na Makumbusho ya Taifa ya Ufilipino. Herufi zake si za Kirumi, wala si za baybayin, ile hati ambayo Wahispania waliikuta ikitumika Luzon.

Aliyeifungua ni Antoon Postma, Mholanzi aliyeishi miaka mingi kisiwani Mindoro pamoja na Wamangyan wa Hanunuo, watu ambao mpaka zama hizi wanachonga mashairi yao juu ya mianzi kwa hati yao wenyewe. Alisaidiwa na Johannes de Casparis, bingwa wa maandishi ya kale ya Java. Hati ikaonekana ni Kawi, na lugha ni Kimalei cha kale kilichochanganyika na Kisanskriti, Kijava cha kale na Kitagalog cha kale. Tarehe iko palepale mwanzoni: mwaka 822 wa kalenda ya Saka, ambao kwa hesabu zetu unaangukia tarehe 21 Aprili 900. Na kilichoandikwa? Risiti. Bwana mmoja jina lake Namwaran alikuwa na deni la dhahabu, uzito wa kati moja pamoja na suwarna nane, vipimo vya zamani, jumla karibu gramu 926. Mkubwa wa Tundun, kwa niaba ya Jayadewa, waziri mtawala wa Pailah, anashuhudia kwamba deni limefutwa, kwa Namwaran na watoto wake na kizazi chake, asije mtu baadaye akawadai. Mstari wa mwisho unakatika katikati ya sentensi. Huenda kulikuwa na bamba la pili, na huenda bado limelala kwenye matope.

Tundun hiyo ni Tondo, leo mtaa wa Manila uliosongamana watu kama nini. Mpaka hapo, wanahistoria walikuwa wakianzisha historia iliyoandikwa ya Ufilipino kwa baharia Magellan kufika mwaka 1521. Kwa karatasi moja ya shaba mlango umerudi nyuma miaka 621, na aliyeufungua ni mtu aliyefutiwa deni.

Kuna jambo katika kisa hiki ambalo wengi wanalipita haraka. Postma alikuwa Mholanzi, na Uholanzi kuna Leiden, ambako mambo ya Java ya kale yamesomwa kwa vizazi. Angeipeleka makala yake huko, au London, au Paris, na wahariri wangeigombea. Ilitoka mwaka 1992 katika jarida la *Philippine Studies*, linalochapishwa na Chuo Kikuu cha Ateneo de Manila. Yaani cheti cha kuzaliwa cha historia yao, kikiwa na tafsiri na maelezo na tanbihi zote, kilichapishwa kwao, katika jarida ambalo mwalimu wa Quezon City anaweza kulivuta kwenye rafu, akalipinga, na akachapishiwa pingamizi lake katika kurasa zile zile.

Nieleze nimefikaje huku, maana mimi si msomi wa historia. Napanga kurasa katika matbaa moja ya Ruwi, Muscat, mtaa ambao ukiita kwa Kiswahili vichwa vinageuka, na ukiita kwa Kitagalog vinageuka vingine. Meza ya pembeni yangu anakaa Mfilipino wa kisiwa cha Panay. Kanizidi umri, namwita Kuya kama kwao wanavyomwita kaka mkubwa, na mimi kaninyakulia la "ndugu yangu" na kulitamka kwa lafudhi inayochekesha ofisi nzima. Kila akirudi likizo analeta maembe makavu ya Cebu kwa kila mtu, na kwangu mimi kitabu juu yake, kwa sababu anaujua ugonjwa wangu. Vingi ni vya matbaa za vyuo vikuu vya kwao.

Kitabu cha kwanza nilikigeuza geuza kabla sijasoma hata neno, ndivyo tulivyo watu wa fani. Karatasi nyepesi yenye umanjano, inanywa wino kidogo. Mgongo wa gundi tupu, hakuna uzi. Jalada laini. Ukikisahau kwenye gari mchana mmoja wa Julai wa Muscat, kurasa za mwanzo zinaachia, nimeyaona. Nyuma ya ukurasa wa jina palikuwa na kimstari: toleo hili ni la kuuzwa Ufilipino tu. Nikamuuliza Kuya kama kitabu ni cha magendo. Akacheka sana.

Si cha magendo, na kimstari kile ndicho kilichonivuta kwenye habari hii yote. Wasomi wengi wa mambo ya Ufilipino, Wafilipino wenyewe na wageni, wanafundisha au wamesomea Marekani, Australia, Japani. Kitabu cha msomi kama huyo kikichapishwa na chuo kikuu cha Marekani, bei yake ya jalada gumu inaweza kummaliza mwalimu wa Iloilo mshahara. Basi matbaa ya Manila inanunua haki ya kuchapa toleo la nyumbani, kwa karatasi ya bei nafuu, kwa masharti lisivuke mipaka. Kitabu cha Vicente Rafael juu ya jinsi Watagalog walivyoupokea na kuupindua Ukristo wa Wahispania kilitoka mwaka 1988 Cornell, na mwaka huo huo Ateneo ikatoa cha kwao. Mwandishi akiambiwa na mchapishaji wa ng'ambo kwamba wanachukua haki za dunia nzima, anayejali anajibu: za dunia nzima, toa Ufilipino. Ni kipengele kimoja cha mkataba. Ukiwa kwenye biashara ya kuchapa unajua kwamba kipengele kimoja ndicho kinachoamua nani atasoma na nani atasikia kwa watu.

Turudi kwenye madeni.

Siku moja tukisubiri pleti za kuchapia, Kuya alinihesabia kwa vidole sheria za Datu Kalantiaw alizokaririshwa shule ya msingi. Kalantiaw, aliambiwa, alikuwa mtawala wa Panay, na mwaka 1433, Magellan hajazaliwa, alitunga sheria zilizoandikwa. Na sheria zenyewe, subhanallah! Anayeshindwa kumlipa mkubwa wake deni achapwe viboko mia, na deni likiwa kubwa atumbukize mkono mara tatu katika maji yanayochemka. Mwingine awekwe kwa siafu nusu ya siku. Mwingine aogelee saa tatu. Kuua mti wenye heshima, kifo. Watoto walizikariri kwa fahari, kwa sababu zilikuwa ushahidi kwamba babu zao walikuwa na dola na mahakama kabla ya Mzungu. Kuya anatoka jirani kabisa na Batan, mkoani Aklan, ambako Kalantiaw alijengewa kumbukumbu.

Kalantiaw hakuwahi kuwepo.

Sheria zake zilitoka kwa mtu mmoja wa Negros, José E. Marco, ambaye mwaka 1914 alikabidhi maktaba ya serikali mjini Manila miswada aliyodai iliandikwa na padri Pavón miaka ya 1838 na 1839, naye padri akinakili nyaraka za zamani zaidi. Mkurugenzi wa maktaba alikuwa Mmarekani, James Alexander Robertson. Huyu hakuwa mjinga. Yeye na Emma Helen Blair ndio waliokusanya na kutafsiri kwa Kiingereza nyaraka za Ufilipino za enzi ya Hispania katika juzuu 55, zilizochapwa Cleveland, Ohio, kati ya mwaka 1903 na 1909. Hata leo mtafiti asiyejua Kihispania anaanzia hapo. Lakini miswada ya Marco ilimlainisha, akaitafsiri sheria ya Kalantiaw, ikachapishwa Marekani mwaka 1917. Ikarudi nyumbani ikiwa na muhuri wa ng'ambo, ikaingia kwenye vitabu vya shule, na huko haikuulizwa tena unatoka wapi.

Aliyeuliza ni William Henry Scott, naye pia Mmarekani, mlei wa kanisa la Kianglikana aliyefundisha Sagada kwenye milima ya kaskazini ya Luzon. Namtaja uraia wake makusudi, kwa sababu mtu anaweza kudhani hii ni hadithi ya wazalendo wakweli na wageni waongo. Sivyo. Mwongo alikuwa mwenyeji, aliyedanganywa mgeni, na aliyefichua mgeni mwingine. Scott aliandika tasnifu yake Chuo Kikuu cha Santo Tomas, Manila, na kazi yake ilikuwa ya kuchosha kupita kiasi: kuchukua kila waraka uliodaiwa kuwa wa kabla ya Wahispania na kuufuata kinyumenyume, nani alimnukuu nani, nani aliuona wa kwanza, uko wapi sasa. Kila njia ya Kalantiaw iliishia mlangoni kwa Marco. Na padri Pavón, anayedaiwa kuwa Mhispania, aliutunukia mswada wake kwa Mfalme wa Hispania katika miaka ambayo Hispania haikuwa na mfalme; ilikuwa na malkia, Isabella wa Pili, na alikuwa mtoto. Marco huyo huyo, ukitaka kucheka, aliwahi pia kumzushia riwaya padri Burgos aliyenyongwa na Wahispania mwaka 1872.

Tasnifu ilitetewa mwaka 1968 mbele ya vigogo wa historia ya nchi, akina Teodoro Agoncillo na Horacio de la Costa. Hakuna aliyesimama kumtetea Kalantiaw. Kazi ikachapwa mwaka huo huo na matbaa ya chuo, na mwaka 1984 ikatolewa tena, imesahihishwa, na New Day, wachapishaji wa Quezon City. Kwa hiyo wanataaluma walijua. Lakini mwaka 1971, miaka mitatu baada ya utetezi ule, Rais Marcos alianzisha Nishani ya Kalantiaw kwa watu wa sheria. Mwaka uliofuata, sheria ya kijeshi ilipotangazwa, Scott aliwekwa ndani na serikali ikajaribu kumfukuza nchini, ikashindwa. Taasisi ya Taifa ya Historia ilikuja kutamka rasmi kwamba sheria za Kalantiaw hazina msingi mwaka 2004. Hesabu mwenyewe: miaka 36.

Kuna watu wakisikia miaka hiyo husema basi majarida na matbaa za vyuo hazina maana, kama ukweli unachukua miaka 36 kutoka rafuni mpaka darasani. Mimi naona kinyume. Ukweli ulikuwa na pa kukaa miaka yote hiyo. Hakimu alivishwa nishani, mtoto alikariri siafu, na wakati wote huo kitabu kilikuwa kinauzwa mjini humo humo. Aliyetaka kujua alijua.

Na hebu viweke viwili hivi pamoja, maana hapo ndipo nilipokaa usiku mzima. Mghushi wa karne ya ishirini, akitaka kuwapa wazee wake heshima ya kuwa na sheria, aliwaza mdaiwa na mkono kwenye maji yanayochemka. Waraka wa kweli ulipokuja kutoka mtoni, nao ulikuwa wa deni, na unamwachia mdaiwa aende zake na watoto wake. Marco alifikiria ustaarabu ni ukali. Nilipomwonyesha Kuya alinyamaza, kisha akasema kwa Kiingereza chake kwamba wazee wake halisi walikuwa watu wazuri kuliko wale aliopewa shuleni.

Tamaa hiyo ya kuthibitisha kwamba kulikuwa na watu kabla ya meli, haikuanza na Marco. José Rizal, daktari wa macho na mwandishi wa riwaya, alikaa chumba cha kusomea cha Makumbusho ya Uingereza, London, kuanzia mwaka 1888, akinakili kwa mkono kitabu cha Antonio de Morga, ofisa wa Kihispania aliyeandika habari za visiwa hivyo na kuzichapa Mexico mwaka 1609. Rizal alikichapa upya Paris kwa tarehe ya mwaka 1890, na chini ya kurasa akajaza tanbihi zake: hapa tulikuwa na viwanda vya meli, hapa tulifua mizinga, hapa mmeviharibu nyinyi. Nafikiri ni moja ya vitabu vichache duniani ambapo maandishi madogo ya chini yanapigana na maandishi makubwa ya juu. Rafiki yake, Ferdinand Blumentritt, alimwandikia dibaji, na ndani ya dibaji hiyo hiyo akamkosoa kwamba anawahukumu watu wa zamani kwa vipimo vya leo. Mwenzake Isabelo de los Reyes akasema uzalendo umempofusha, Rizal akajibu kwa hasira. Fani ilianza kwa ugomvi, na kwa Kihispania, lugha ambayo Wafilipino wengi wa wakati huo hawakuisoma, katika mji ambao wengi wao wasingeuona.

Ndiyo maana yale yaliyokuja baada ya uhuru wa mwaka 1946 nayaona makubwa, ingawa kwa nje hayana mvuto wowote. Mwaka 1953 Wajesuiti wa Ateneo wanaanzisha *Philippine Studies*. Mwaka 1965 Chuo Kikuu cha Ufilipino kinaunda matbaa yake, Ateneo inafuata mwaka 1972. Cebu, Chuo Kikuu cha San Carlos kinaanza jarida la utamaduni na jamii mwaka 1973, kwa hiyo si kila kitu kinasubiri Manila. Hayo ni majina ya ofisi. Kilichomo ndani ya ofisi ni mhariri anayerudisha mswada mara ya tatu, msomaji asiyetajwa jina anayeandika kurasa nne za kukataa, na mtu kama mimi anayetafuta herufi yenye kishada ambayo fonti haina.

Kitabu ambacho Kuya aliniletea na ambacho sijakirudisha, na sitakirudisha, ni *Pasyon and Revolution* cha Reynaldo Ileto, cha mwaka 1979. Ileto aliitoa kazi hiyo kwenye shahada yake ya Cornell, na ingeweza kutoka huko huko. Ilitoka Ateneo, katikati ya utawala wa kijeshi. Inaanza na siku moja ya Mei 1967: wafuasi wa chama cha Lapiang Malaya, wakulima wenye mapanga na hirizi za kuzuia risasi, wanakutana na askari wenye bunduki za rashasha kwenye barabara ya Taft. Wanakufa 33. Kiongozi wao, mzee Valentin de los Santos wa miaka 86, anapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili na anafia huko. Magazeti yanasema wendawazimu. Ileto anauliza: na kama walikuwa na mantiki yao, tungeisoma wapi?

Anaisoma kwenye pasyon. Hii ni tungo ndefu ya mateso ya Yesu ambayo vijijini huimbwa kwa zamu Wiki Takatifu, usiku na mchana. Kila ubeti una mishororo mitano, kila mshororo mizani nane. Msomaji wetu hahitaji kuelezwa zaidi: ni mizani ya utenzi, na mtu aliyekulia Unguja akisikia wanawake wakipokezana kisa cha Mtume tangu magharibi mpaka alfajiri anajua jinsi tungo inavyoingia mwilini hata kwa asiyejua kusoma. Anachoonyesha Ileto ni kwamba mkulima wa Luzon aliyezikariri beti hizo alikuwa na lugha ya kuelezea giza na nuru, kuacha nyumba, kumfuata mtu maskini hadi kufa. Mapadri waliipanda ili watu wanyenyekee. Watu wakavuna kitu kingine, tangu udugu wa Apolinario de la Cruz uliovunjwa kwa bunduki mwaka 1841, hadi Katipunan, chama cha siri cha Andrés Bonifacio kilichowaasi Wahispania mwaka 1896, na baada yake mpaka mwanzo wa karne ya ishirini.

Nilipofika kwenye hirizi nilifunga kitabu nikamfikiria Kinjikitile Ngwale na maji ya Ngarambe. Ni mambo yale yale: wakulima, dawa ya risasi, wakoloni wanaosema ni ushirikina, miaka ile ile ya mwanzo wa karne. Na wetu hawakulala. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu jijini Dar es Salaam walitumwa kwao kusini kuwahoji wazee walioviona Vita vya Maji Maji kwa macho yao. Walirudi na hazina. Ikapigwa taipu, ikarudufiwa, ikafungwa pamoja, na mpaka leo anayetaka kuisoma inabidi aifuate kwenye maktaba chache alizobahatika kuzijua. Wazee wote wale wamekwisha kufa. Sisemi hili kumshutumu mtu. Najua bei ya karatasi. Nasema tu kwamba kitabu cha Ileto kimechapwa tena na tena kwao, na kwamba kijana wa Manila anaweza kukinunua na kukibebea kwenye jipni, daladala za kwao.

Tena hakikupokewa kwa makofi tu. Mwaka 1981 mwanahistoria Milagros Guerrero alikichambua bila huruma katika *Philippine Studies*, akihoji kama beti za dini zinaweza kubeba mzigo mkubwa kiasi hicho na kama "umma" wa Ileto ni umma kweli. Mwaka uliofuata Ileto akajibu, jarida lile lile. Nimesoma zote mbili, matoleo ya zamani yapo mtandaoni. Kwa tabia yangu nilikuwa upande wa Ileto kabla sijaanza, nikamaliza nusu upande wa Guerrero. Wote wawili Wafilipino, wakibishana juu ya mapinduzi ya babu zao katika jarida la nyumbani. Linganisha na Rizal peke yake London, anabishana na Mhispania aliyekufa zamani.

Ugomvi mwingine ulikuwa mchungu zaidi. Mwaka 1996 Mmarekani Glenn May alitoa kitabu akidai kwamba barua na kumbukumbu nyingi zinazomjenga Bonifacio ni za kutiliwa shaka au za kughushi. Baada ya Kalantiaw huwezi kupuuza shutuma kama hiyo, na huwezi kuikubali kwa sababu tu kuna mwongo mmoja alishapatikana. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Masomo ya Manila ikatoa kitabu kizima cha majibu. Mimi naona waliojibu walikuwa na hoja za nguvu na hasira nyingi mno, na hasira zinafanya kurasa kuwa nyingi. Lakini walijibu kwa kitabu. Sijasikia aliyetaka cha May kipigwe marufuku, na kilikuwa na toleo lake la Quezon City, New Day haohao waliomtoa Scott.

Liko suala la lugha, nalo sitalimaliza hapa. Yote niliyoyataja, ukiacha Rizal, ni ya Kiingereza. Zeus Salazar wa Chuo Kikuu cha Ufilipino alisema tangu miaka ya 1970 kwamba historia inayoandikwa kwa Kiingereza inawazungumzia Wafilipino huku ikimtazama mgeni usoni, na yeye na wanafunzi wake wakahamia Kifilipino, wakachapa vijitabu vyembamba vyao wenyewe. Wapinzani wao wanasema wamejifungia chumbani. Kuya, ambaye lugha ya nyumbani kwake ni Kihiligaynon, anasema Kifilipino cha maprofesa kinamchosha kuliko Kiingereza chao. Nilicheka, kwa sababu nimeshapanga kurasa za tasnifu za Kiswahili ambazo bibi yangu asingetoka aya ya kwanza, na bado ningependa ziwe nyingi zaidi.

La kuniudhi ni hili la siku hizi la kuhesabu. Vyuo, huko na kwetu, vinampandisha mtu cheo kwa jarida lililo kwenye fahirisi za kimataifa, na mhariri wa jarida la nyumbani analazimika kulipigania liingie humo au abakiwe na makala zilizokataliwa kwingine. Majarida kadhaa ya Manila yameingia. Heri yao. Ila kijitabu cha mtafiti wa mkoani juu ya sikukuu ya mtakatifu wa mji mmoja, kazi ya aina ambayo ndiyo iliyomlisha Ileto na Scott, hakihesabiwi popote, na mwandishi wake anaambiwa aache.

Mwezi ujao Kuya anakwenda likizo. Orodha nimempa: *Barangay* cha Scott, kilichotolewa na Ateneo mwaka 1994 baada ya mwenyewe kufariki, kinachoeleza jamii ya karne ya 16 kwa kutumia kamusi za mapadri na barua zao, bila Kalantiaw hata mmoja, na chochote cha Resil Mojares wa Cebu. Amesema akikosa kwenye duka la chuo ataangalia Solidaridad, mtaa wa Padre Faura. Nimemwomba apunguze maembe, mzigo wake una mwisho wa kilo. Amekataa.